Mnara Usikiao

Simu inapokatika katikati ya maneno, mwenye simu aghalabu huelekeza macho kwenye vile vijistari vya mtandao vilivyo pembeni mwa kioo, na akivikuta vimejaa hustaajabu, na akivikuta vimepungua huulaumu mnara kuwa hauna nguvu. Lawama hiyo mara nyingi haina haki. Vijistari vile hueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi simu inavyousikia mnara. Jinsi mnara unavyoisikia simu havisemi hata kidogo, na kati ya mambo mawili hayo la pili ndilo lenye taabu zaidi, kwa sababu mnara umesimama juu, umeungwa na umeme wa gridi au jenereta, na mtambo wake mmoja waweza kupeleka hewani nguvu ya wati 20 au 40, ilhali simu ya mkononi, ambayo sharti ikae mfukoni na kuishi kwa betri ndogo, haipiti wati 2 katika mtandao wa kizazi cha pili, na katika mtandao wa 4G kwa kawaida haipiti sehemu moja ya tano ya wati. Mtu aweza basi kuisikia sauti ya mwenziwe barabara, kumbe mwenziwe hasikii ila mikwaruzo. Wahandisi wa redio wamelijua jambo hili tangu zamani, na nathubutu kusema kwamba karibu kila hatua kubwa iliyopigwa katika ufanisi wa mawasiliano baina ya simu na mnara ilipatikana pale watu walipoacha kutafuta namna ya kupaza sauti wakatafuta namna ya kusikia.

Asili ya taabu ni umbali. Mawimbi ya redio yakitoka kwenye antena hutawanyika, na katika anga tupu umbali ukizidi mara mbili nguvu inayopokelewa hubaki robo; lakini simu haikai katika anga tupu, hukaa karibu na ardhi, ambako wimbi lijalo moja kwa moja hukutana na lile lililogonga ardhi likaruka, yakadhoofishana, hata umbali ukizidi mara mbili nguvu yaweza kubaki sehemu moja tu ya kumi na sita. Juu ya hayo weka mapaa ya mabati, weka milima ya Usambara, weka kuta nene za mawe ya matumbawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, ambazo waliozijenga walikusudia zizuie joto la jua na hawakuwa na habari yoyote ya redio. Kinachoufikia mnara mwishoni ni kitu kidogo mno: kanuni za mtandao wa kizazi cha pili humtaka mjenzi wa mnara wa kawaida ahakikishe kuwa mtambo wake wayafahamu maneno yaliyobebwa na nguvu isiyofika sehemu moja ya trilioni kumi ya wati. Kukitambua kitu kidogo namna hiyo katikati ya kelele za joto la vyombo vyenyewe, na kelele za simu nyingine zote zinazosema wakati huohuo, ni kazi ya ustadi mkubwa kuliko ile ya kurusha mawimbi, na nasikitika kuwa haisifiwi kwa kadiri inavyostahili.

Wamarekani waliianza kazi hii kwa njia ya nguvu. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis, ilifunguliwa huduma ya simu za ndani ya magari, ambayo vyombo vyake vilikuwa na uzito wa takriban kilo 36 kwa kila gari. Mtambo mmoja wenye nguvu nyingi uliufikia mji mzima, lakini vyombo vya magari havikuwa na uwezo wa kujibu kwa umbali ule, ikawabidi mafundi waweke vipokezi kadha wa kadha huku na huku mjini, ili jibu la gari linaswe na kile kilicho karibu nalo. Siri yote ilikuwa imekwisha kujifunua hapo, kwani kinywa kimoja kilitosha, lakini masikio yalitakiwa yawe mengi. Tena nafasi za kuzungumza zilikuwa chache sana, maana mtambo mkubwa ukiujaza mji kwa mawimbi yake, masafa yale hayawezi kutumiwa na mtu mwingine mpaka wa kwanza amalize haja yake. Ndipo Desemba 1947 Douglas Ring, mhandisi wa Maabara za Bell, alipoandika waraka wa ndani wenye kupendekeza kinyume cha hayo: vituo vingi vidogo, kila kimoja na eneo lake lenye pembe sita, na masafa yaleyale yatumiwe tena na tena katika maeneo yasiyopakana. Waraka ule ulingoja zaidi ya miaka 30, kwa kuwa vyombo vya kuhamisha mazungumzo kutoka kituo hadi kituo bila ya kuyakata havikuwa vimepatikana; mji wa Tokyo ulianza mwaka 1979 na Chicago ukafuata mwaka 1983.

Msomaji mwenye simu ndogo ya vitufe, ile ambayo vijana wa Tanzania huiita kiswaswadu na wa Kenya huiita kabambe, aweza kuyasikia haya kwa masikio yake mwenyewe. Aiweke simu kando ya redio ya zamani iliyowashwa, kisha aombe mtu ampigie. Kabla simu haijaita, redio itatoa mlio wa kukatakata, ti-ti-ti, ti-ti-ti, kisha mngurumo mrefu; na mlio huo ni simu yenyewe ikiujibu mnara. Katika mtandao wa GSM, ndio ule wa kizazi cha pili, ambao ulifunguliwa kwa umma huko Finland tarehe 1 Julai 1991, masafa mamoja hugawiwa zamu nane, na kila simu husema kwa muda wa mikrosekunde 577, kisha hunyamaza hadi zamu yake irudi, nayo hurudi takriban mara 217 katika kila sekunde. Nguvu ikiwaka na kuzimika mara nyingi namna hiyo, nyaya za redio huinasa, na spika huigeuza kuwa ule mngurumo. Lakini asikilize kwa makini zaidi. Mwanzo mlio huwa mkali, kwa sababu simu haijui bado mnara uko umbali gani, na kwa hadhari hubisha hodi kwa nguvu kubwa kabisa iliyoruhusiwa. Mazungumzo yakishaanza, mwenye simu akiwa mjini karibu na mnara, mlio hufifia na pengine hutoweka. Kilichotokea ni kwamba mnara umeipima sauti ya simu, umeona inapita mahitaji, umeiamuru ishuke. Na amri hiyo yaweza kuja karibu mara mbili katika kila sekunde, hata simu iliyoanza kwa wati 2 ikajikuta inazungumza kwa wati 0.003, wala msikilizaji wa upande wa pili asitambue tofauti yoyote.

Jaribio lilelile likifanywa kijijini, mbali na mnara, mngurumo haupungui. Simu inapaza sauti yake yote tangu neno la kwanza hata la mwisho, na betri ndiyo inayolipa. Hii ndiyo sababu simu ileile, yenye betri ileile na mazungumzo yaleyale, humaliza chaji upesi zaidi ikiwa shamba kuliko ikiwa mjini. Na mtu anayelipia kuchaji simu dukani kwa sababu nyumbani kwake hakuna umeme hulipia, pasipo kujua, umbali wa mnara.

Jambo hili la kuteremsha sauti lilikuwa jema katika GSM. Katika mfumo mwingine uliozaliwa San Diego, California, lilikuwa sharti la uhai. Kampuni ya Qualcomm, iliyoundwa mwaka 1985 na Irwin Jacobs, Andrew Viterbi na wenzao, ilipendekeza kwamba simu zote ziseme wakati mmoja katika masafa mamoja, kila moja ikiwa na alama zake za siri, kama watu waliojaa barazani wakizungumza wawili wawili, kila wawili kwa lugha yao, na kila msikilizaji akiifuata lugha aijuayo na kuziacha nyingine zimpite. Baraza kama hiyo yaweza kwenda vizuri maadamu hakuna apigaye kelele. Akitokea mmoja, mazungumzo ya wote yameharibika. Wataalamu wengi waliupinga mpango huo kwa hoja iliyokuwa na uzito wa kweli: simu iliyo mita 100 kutoka mnarani itaifunika kabisa ile iliyo kilomita kadhaa, kwa kuwa sauti ya jirani hufika ikiwa na nguvu mara maelfu kwa maelfu kuliko ya yule wa mbali. Jibu la Qualcomm lilikuwa ni mnara uiamuru kila simu ipande au ishuke mara 800 katika kila sekunde, kwa hatua ndogo ya desibeli moja, desibeli ikiwa ni kipimo cha wahandisi cha tofauti za nguvu.

Mwezi wa Novemba 1989 wageni wa makampuni ya simu waliitwa San Diego waje kushuhudia. Jacobs alikuwa anahutubia, na hotuba yake ilikuwa inakaribia kwisha, mafundi walipomwashiria kwamba mtambo umepata hitilafu. Akaendelea kunena hata hitilafu ikaondolewa, kisha magari yaliyobeba simu za majaribio yakatembea na mazungumzo yakasikika. Mtandao wa kizazi cha tatu ulipoandikiwa kanuni zake uliuchukua msingi uleule, ukaongeza amri zikawa 1,500 kwa sekunde, na ukaitaka simu iweze kubadili nguvu yake, kutoka ya juu kabisa hadi ya chini kabisa, kwa zaidi ya mara milioni 20. Haki katika mfumo huo ni kila sauti kufika mnarani kwa kipimo kinachoitosha, hata kama mmoja ametumia nguvu nyingi mno kumpita mwenziwe ili afike, na mimi naiona kanuni hiyo kuwa ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa zilizopata kuandikwa katika uhandisi.

Kwa nini nguvu peke yake haifai kitu? Burhani ilitolewa mwaka 1948 na Claude Shannon, ambaye katika jarida la ufundi la Bell alieleza, kwa hisabu isiyotanguka, kikomo cha habari ziwezazo kupita katika njia yenye kelele. Habari huongezeka sawasawa na upana wa masafa. Lakini kwa nguvu huongezeka kwa uchoyo mkubwa, kwani mawasiliano yakishakuwa mazuri, kila biti moja ya ziada itakayobebwa katika upana uleule hudai nguvu yote irudufiwe. Anayetaka biti tatu zaidi, naye anatumia wati 20, atakwenda 40, kisha 80, kisha 160, na kwa ubadhirifu wote huo atakuwa amepata biti zake tatu tu, na zaidi ya hapo atakuwa amewasumbua majirani wote wanaotumia masafa hayo.

Shannon alithibitisha pia kuwa zipo namna za kuyafumbata maneno kwa hisabu hata makosa ya njiani yasahihishwe na mpokeaji mwenyewe, ila hakuonyesha ni zipi. Utafutaji wa namna hizo ulichukua umri wa mtu mzima. Robert Gallager aliandika namna moja nzuri sana katika tasnifu yake ya Chuo cha MIT mwaka 1960, lakini kompyuta za siku zile hazikuweza kuifanya kazi, ikasahauliwa kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1993, katika mkutano wa Geneva, Claude Berrou na Alain Glavieux, walimu wa Brest nchini Ufaransa, pamoja na mwenzao Punya Thitimajshima, walieleza namna yao iliyokaribia kikomo cha Shannon kwa chini ya desibeli moja. Na wako waliodhani kuwa hisabu zao zimekosewa, mpaka wengine walipojaribu katika maabara zao na kuona ni kweli. Mafanikio hayo yaliwarudisha watu kwenye tasnifu ya Gallager, na leo hisabu za namna hiyo ndizo zibebazo habari katika mtandao wa 5G, huku amri za mtandao huo zikibebwa na namna nyingine iliyotangazwa mwaka 2009 na Erdal Arıkan wa Chuo Kikuu cha Bilkent mjini Ankara. Kadhalika mnara wa siku hizi hautupi kifurushi kilichofika kimeharibika: hukihifadhi, huomba kirudiwe, kisha huviunganisha viwili, na mara nyingi vifurushi viwili vibovu hutoa kimoja kizima. Kila desibeli iliyookolewa kwa njia hizi ni nguvu ambayo simu haikulazimika kuitoa.

Sasa inua macho uutazame mnara wenyewe, huo ulio karibu na soko au nyuma ya shule. Zile mbao ndefu nyeupe zilizosimama wima ni antena, na ndani ya kila moja mara nyingi zimo safu mbili zilizolazwa mshazari, moja ikielekea kulia na moja kushoto, ili wimbi likigeuka njiani kwa kugonga nyumba na miti, lile lililokosa kunaswa na safu hii linaswe na ile. Nyuma ya mbao hizo, katika minara mipya, utaona visanduku vilivyofungwa huko juu. Zamani mitambo yote ilikaa chini katika kibanda, na waya mnene ulipanda mita 30 au 40 hadi kwenye antena. Katika safari hiyo fupi nusu ya nguvu iliweza kupotea, ikipanda na ikishuka, na sauti dhaifu ya simu iliyokwisha kuvuka mabonde na vilima ilikuja kufia ndani ya waya hatua chache kabla ya kufika. Kuvipandisha visanduku vile juu kumeondoa hasara hiyo bila ya kuongeza wati hata moja, na kwa mnara unaoishi kwa jenereta ya dizeli, hiyo ni nafuu ya kila siku.

Wingi wa masikio umekwenda mbali zaidi. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa Maabara za Bell alionyesha kuwa antena nyingi pande zote mbili, mahali penye kuta na vizuizi vya kuyarudisha mawimbi, zaweza kubeba habari tofauti kwa wakati mmoja na katika masafa mamoja, hata kile kilichoonekana kuwa ni balaa, yaani mwangwi wa majumba, kikawa ni neema. Mwaka 2010 Thomas Marzetta, wa maabara hizohizo, akauliza itakuwaje mnara ukiwa na antena nyingi mno kuliko idadi ya simu unazozihudumia. Na antena za 5G zenye vipande 64 vyenye kusema na kusikia ni matunda ya swali hilo. Simu hutoa kwanza alama fupi inayojulikana. Mnara huisikiliza kwa antena zake zote, na kwa tofauti ndogo za namna alama ilivyofika kwenye kila antena hujua njia iliyopitia. Kisha huyarudisha maneno kwa njia zilezile, yakakutana yakiwa na nguvu pale simu ilipo na kudhoofika kwingineko. Hata kusema kwake, basi, mnara umekufanya kutegemee kusikia.

Kuna pahala pamoja ambapo nguvu imo na bado haifai, napo ni baharini. Juu ya maji hakuna vilima wala majumba, na mnara uliojengwa juu ya kilima cha pwani husikika mbali sana. Mvuvi aliyetoka upande wa mashariki wa Pemba aweza kuona vijistari vya mtandao na asiweze kupiga. Katika GSM kila simu lazima iseme ndani ya zamu yake, na kwa kuwa wimbi huchukua muda kusafiri, mnara huiamuru simu ya mbali ianze mapema kidogo, kwa hatua zinazolingana na takriban mita 550 kila moja. Hatua hizo zikitimia 63 zimekwisha, na umbali umefika kilomita 35. Mbele ya hapo neno la mvuvi, hata likifika likiwa na nguvu tele, hufika limechelewa na kuangukia zamu ya mwingine. Ipo minara iliyopangwa kusubiri zaidi kwa kumpa mtu mmoja zamu mbili, lakini hupunguza idadi ya wanaoweza kuzungumza. Walioandika kanuni za 4G waliliona hilo wakaacha nafasi ya hadi kilomita 100, na kwa watu waishio kwa bahari naona hii ni sababu kubwa ya kuitaka 4G pwani kuliko ile ya kutazama picha upesi.

Nayasema haya kwa kuwa katika nchi zetu simu imebeba mzigo mzito. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, fedha za mkulima na za mgonjwa hupita katika ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi, wenye herufi zisizozidi 160 zilizofungwa katika baiti 140, hupita katika njia zilezile zinazobeba amri za mnara, na hufika hata pale ambapo sauti imekwisha kushindwa kwa sababu waweza kurudiwa mpaka upokelewe. Asiyepata mnara wa kumsikia hakosi mazungumzo tu. Amekosa benki yake. Kenya na Tanzania zote zilianza huduma za 5G za kibiashara mwaka 2022, na nazifurahia. Lakini mtu wa bondeni mwenye kiswaswadu hatafaidika na antena za vipande 64 zilizo Nairobi na Dar es Salaam.

Kwa hiyo wenye dhamana ya kutoa leseni na fedha za minara ya vijijini, na makampuni yanayochagua mahali pa kuijenga, nawaomba wazichore ramani zao za huduma kwa kufuata safari ya kurudi. Fundi apelekwe kijijini na simu ya bei ya chini, ile wanayoitumia wenyeji, aingie ndani ya nyumba ya mabati na afunge mlango, kisha ipimwe huko mnarani nguvu ambayo simu ile imelazimika kuitoa ili isikike. Pale ambapo imetoa nguvu yake yote, pahesabiwe kuwa hapajapata mtandao bado, hata vijistari vikijaa, na pajengwe kituo kingine kilicho karibu zaidi.